Msusi Aliyeombewa na Mtaa Mzima

"Jirani, yule binti yako amesharudi kwa mume wake, au bado mnafunga na kuomba?"

Aliyeuliza ni muuza mkaa, mwanamume mwenye sauti ya kuita wateja hata anapokusalimia, na tangu nimfahamu sijamwona akikanyaga kanisa lolote. Alikuwa ameegemea ukuta unaotenganisha nyua mbili, mikono myeusi mpaka viwikoni, na aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Aliyeulizwa ni msusi wetu wa nywele. Alikuwa anaanika taulo za kazini. Ile aliyoishika hakuianika tena. Aliitupa begani mbichi vile vile, akaingia ndani, akaketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo yeye mwenyewe haketi kamwe.

Maana habari ya binti yake alikuwa amemwambia mtu mmoja tu chini ya jua, na mtu huyo hakuwa muuza mkaa.

Naandika habari za mwanamke huyu kwa sababu sisi wanawake wa kanisani tunapenda sana habari za kutiana moyo. Nimezisoma nyingi, na nyingine zimenisaidia kweli. Zote zina mwanamke aliyekuwa chini, akaombewa, akainuka, aking'aa kama sufuria mpya. Huyu wetu habari yake imekwenda kinyume. Alikuwa amesimama vizuri tu kwa miguu yake, akaombewa, akaanguka.

Kusuka alifundishwa na shangazi yake aliyemlea, mama mwenye vidole vigumu na maneno ya kuhesabika. Shangazi alimfundisha kugawa nywele kwa mkia wa kitana, kutomvuta mtoto nywele za utosini, na kuchovya ncha za rasta katika maji ya moto bila kumbabua mtu mgongo. Akamfundisha na neno moja: inama. Nywele za kisogoni hazisukiki mteja akiwa ameinua uso, sharti kidevu kiguse kifua. Na mtu ambaye kidevu kimegusa kifua, dada zangu, hawezi kusengenya. Jaribu wewe mwenyewe hapo ulipo uone. Sauti inakwama kooni kama mfupa wa samaki. Yule shangazi alikuwa ameligundua hilo zamani. Mteja akianza tu, "Hee, umesikia ya fulani?" aliambiwa, "Inama," hata kama kisogo kilikuwa kimekwisha sukwa.

Msusi wetu akaurithi mkono na akalirithi neno, na mtaa ukampa jina, Bi Inama. Watani hawakukosa la kusema. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka nywele naye vilevile!" Yeye hucheka na kuendelea kugawa mistari.

Chumba chake ni cha mbele, mlango wa bluu, karibu na mashine ya kusaga. Kina kioo chenye ufa uliozibwa kwa karatasi ya gundi, benchi la wanaosubiri, na ndoo yenye mfuniko. Watu wasiomjua hudhani pale ndipo kisima cha umbea, kwa kuwa wanawake hukaa humo kutwa nzima. Na kweli, mambo yanayosemwa katika kile kiti ungeweza kuyapakia mkokoteni. Lakini mambo hayo huingia, hayatoki. Mimi nimewahi kulia pale, kichwa changu mikononi mwake, na hakuna siku nimekisikia kilio changu katika kinywa cha mtu mwingine.

Mumewe alifariki binti yao akiwa bado mdogo. Mtoto alikulia chini ya lile benchi, akiandika kazi za shule kati ya miguu ya wateja. Akakua, akapata kazi katika kiwanda cha mikate, na akaolewa na mwalimu wa kwaya.

Ngoja nimweleze huyu mwalimu wa kwaya. Ni mwanamume mtanashati, kola nyeupe, viatu vya kujitazamia. Akiomba hadharani hulia, na hata kulia kwake kuna kupanda na kushuka kwa mpangilio. Wanawake wa kikundi chetu tulimwita zawadi. Tulimwambia binti, "Umepewa, mwanangu, usichezee." Mikono ile iliyokuwa ikituinulia sauti ya kwanza na ya pili siku ya Jumapili, hatukuuliza Jumatatu ilikuwa inafanya nini.

Mama mtu ndiye aliyejua, na alijua kwa kazi yake. Binti alikuja kusukwa kama kawaida yake, kwa kuwa tangu azaliwe hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa kichwa chake. Mama akasuka utosi, akasuka pembeni, akamwambia, "Inama." Binti hakutaka kuinama. Alipoinama, mama akaona kisogoni pameng'oka nywele, ngozi imevimba, pana kidonda kinachoanza kukauka.

"Hii si ya kitana, mwanangu."

"Nilijigonga."

"Kisogo hakijigongi kikang'oka nywele."

Basi binti akasema yote, kidevu kifuani, sauti ikitoka kidogo kidogo. Siku chache baadaye aliondoka kwa mumewe na begi moja, akimwacha aamini kwamba ameacha kazi na kusafiri mbali, akahifadhiwa na mwenzake wa kazini. Akamwambia mama yake, "Mama, nimekuambia wewe peke yako nilipo. Akijua atakuja na wazee. Na wazee wakija nitarudishwa, nitaambiwa ndoa ni kuvumilia."

Hapo alisema kweli tupu. Katika semina zetu, mwanamke aliyevumilia ndiye anayepigiwa makofi. Aliyekimbia akiwa hai hajawahi kupewa kipaza sauti.

Msusi alilibeba jambo lile kwa muda wote alioweza. Lakini kifua si kabati. Akaenda kwa rafiki yake wa chanda na pete, waliobatizwa siku moja na kuimba benchi moja tangu wasichana. Rafiki huyo ndiye Mwenyekiti wa kikundi chetu cha maombi cha wanawake.

"Mwenzangu, nina neno limenikaa hapa," akamwambia. "Nataka tuliombee mimi na wewe. Lakini liishie kwako."

"Kwangu?" Mwenyekiti akajipiga kifua. "Dada, mimi ni kaburi."

Alisema kaburi. Sikatai. Lakini kuna kaburi na kaburi, na jingine mbwa hulifukua kabla waombolezaji hawajafika nyumbani.

Kikundi chetu kina kanuni nzuri sana. Hatusengenyi, tunabeba mizigo. Hatutaji majina, tunaleta maombi. Siku ile mimi nilikuwa nauguza mjukuu, sikuhudhuria, lakini nimesimuliwa na wenzangu watatu, na kila mmoja alianza kwa kusema, "Hii nakuambia kwa ajili ya maombi tu." Walikutana katika nyumba inayopakana na ghala la mkaa. Mwenyekiti akasimama, macho amefumba nusu.

"Nina ombi zito la dada yetu mmoja. Sitamtaja. Ni mjane tu, anasuka nywele."

"Wa wapi huyo?"

"Nimesema sitamtaja. Mlango wa bluu."

"Jamani!"

"Binti yake ametoka kwa mume. Na mume sitamtaja, kwa kuwa tunaimba naye."

"Anaimba sauti ya ngapi?"

"Anafundisha zote."

Wakahema. Ndipo mmoja, mwenye karama ya kuuliza, akasema, "Mwenyekiti, tusiombe kwa kubahatisha. Tuombe kwa usahihi. Amepigwa wapi?"

"Kisogoni."

"Na amekimbilia wapi?"

"Kwa mwenzake wa kazini, zile nyumba za nyuma ya kiwanda cha mikate. Lakini hilo liishie hapa hapa."

Wakashikana mikono wakaomba. Na kuomba kwetu hakuhitaji kipaza sauti. "Ee Bwana, unamjua yule wa mlango wa bluu, karibu na mashine ya kusaga!" Kana kwamba Bwana angepotea njia, akabishe hodi mlango wa kijani. Muuza mkaa upande wa pili wa ukuta alikuwa anajaza magunia, akayapata maombi yote kutoka mwanzo hadi amina, na bure.

Katika duara lile alikuwapo pia dada wa mwalimu wa kwaya, wifi yake binti. Wanasema yeye ndiye aliyeitikia amina kwa nguvu kuliko wote, na mkoba wake alikuwa ameshaushika kabla ya kufunga kwa neema.

Kwa hiyo muuza mkaa alipouliza swali lake siku ya pili, msusi alielewa yote mara moja. Akampigia binti yake simu kule kiwandani. Simu iliita bure, maana wafanyakazi huacha simu zao kwenye makabati wakiingia zamu. Akamwacha mteja nje ya benchi lake, amesukwa upande mmoja, akafunga mlango wa bluu, akaenda kwa miguu, nusu kutembea na nusu kukimbia.

Alifika wakati zamu inatoka. Langoni walikuwa wamemtangulia mwalimu wa kwaya, wazee wawili wa kanisa, na wifi mtu na mkoba wake. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, ameshika maua ya plastiki, yale yale ya mezani pale mbele kanisani, nayajua, nimeyaosha mimi. Alikuwa analia kwa mpangilio wake. Wafanyakazi wenye kofia nyeupe walisimama wakimtazama, na wengine wakaanza, "Msamehe, dada! Mwanamume akishapiga magoti, unataka nini tena?"

Binti alisimama na unga mikononi. Akamwangalia mume, akawaangalia wazee. Kisha akainua macho, akamwona mama yake anakuja nyuma yao, anatweta, taulo mbichi bado iko begani.

Mtoto angefikiri nini? Alifikiri mama amewaleta.

Akageuka akarudi ndani. Mzee mmoja akataka kumfuata, na mlinzi wa lango, mwanamke mnene asiyependa mchezo, akamwekea mkono. "Baba, hapa wanaingia wenye kofia."

"Sisi ni watu wa Mungu."

"Basi mngojeni Mungu awaletee kofia." Akafunga lango.

Jioni ile binti alipiga simu. "Mama, umewaleta."

"Sikuwaleta, mwanangu. Niliwafuata."

"Nani aliwaambia?"

"Nilimwambia mtu mmoja. Tuombe naye."

 Kisha binti akasema, "Sawa, mama," kwa upole kabisa, na upole ule ulimwumiza kuliko matusi. Akahama pale alipokuwa amehifadhiwa, na alikohamia hakumwambia mama yake. Simu akawa hapokei. Msusi akaendelea kusuka, lakini ukiwa chini ya mikono yake ulikuwa unasikia vidole vinasimama katikati ya mstari kila simu ya mtu ilipolia.

Na sisi tukafanyaje? Tukatiana moyo. Katika kundi letu la simu kila asubuhi yakapita maua waridi yenye matone ya umande na maneno, "Dada, machozi yako ni mbegu." Kila mtu aliweka vikono vya kuomba. Hakuna aliyekwenda kumkatia hata kuni.

Baadaye kidogo Mwenyekiti akaja kusukwa, kwa sababu semina kubwa ilikuwa imekaribia, ile tuliyoiita Mwanamke Inuka Ung'ae. Nilikuwa pale benchini nangoja zamu yangu. Aliketi kama hakuna lililotokea.

"Nisukie mistari ya kurudi nyuma, dada. Nitasimama jukwaani. Mwaka huu nafundisha urafiki."

Msusi akachukua kitana. "Ulimwambia nani?"

"Nini?"

"Habari ya mwanangu."

"Mimi? Sikumwambia mtu, Mungu ni shahidi. Niliomba tu."

"Kwa sauti?"

"Kwa umoja, dada. Mzigo mzito mpe mwenzio."

"Mimi nilikupa wewe. Wewe ukawapa watu wote, na mzigo bado ninao mimi."

Mwenyekiti akacheka kicheko kifupi. "Usichukulie hivyo. Shetani anataka kutugombanisha. Unajua, katika safari ya kukua kiroho, mtu lazima ajifunze kupokea..."

"Inama."

"Hujaanza hata mbele!"

"Inama."

Akainama, akasukwa kichwa chote akiwa ameinama, utosi, pembeni, kisogo. Hakutoka na neno lingine. Alipoinuka na kujitazama kiooni, mistari ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, na imekaza mpaka nyusi zimepanda juu. Mimi namfahamu msusi, ni mpole, sidhani alikusudia. Au alikusudia. Hilo nalo nawaachia wanaopenda kuomba kwa usahihi.

Siku ya semina Mwenyekiti alisimama mbele na nyusi zile, kama mtu aliyepata habari ya ghafla asiyoweza kuimaliza. Waliokaa nyuma walidhani ni upako. Akafundisha imani, akafundisha familia, na alipofika kwenye urafiki akasema, "Rafiki wa kweli ni sikio, si mdomo!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tuligeukiana tukaambiana, "Dada, ng'aa!" Aliyekaa kushoto kwangu aliniambia ning'ae mara mbili, na bado hajui hata nilikuwa nauguza nani nyumbani. Msusi hakuja. Kiti chake kiliwekewa mikoba.

Majuma yakapita, na siku moja binti akapokea simu. Msusi mwenyewe ndiye aliyenieleza, tena akiniruhusu kuyaandika, na binti naye ameruhusu. Alimwomba aje nyumbani amsuke, kwa kuwa alijua nywele zimeshachakaa chini ya ile kofia ya kazini.

"Nataka kuja, mama," binti akasema. "Lakini siwezi kupita huo mtaa. Nilipita mara moja, dukani tu, mwanamke nisiyemjua akanishika mkono akafumba macho. Mwingine akanizunguka nyuma anitazame kisogo. Nitakuja siku watakapoacha kuniombea."

Nimeishi katika imani tangu utoto, na naamini maombi kuliko ninavyoamini miguu yangu. Lakini sentensi ile niliposimuliwa nilijiuliza. Tumeomba vipi sisi, mpaka mtoto wa mwenzetu anayakimbia maombi kama anavyokimbia kipigo?

Juma lililofuata kikundi kikaamua kwenda kumfariji msusi. Tulikwenda mchana, sare za zambarau, nyimbo zikianzia kwenye kona ili mtaa ujue tunafariji. Muuza mkaa akasimama akavua kofia, nusu kwa heshima na nusu kwa kutaka kusikia. Tukaingia mlango wa bluu, tukajaza benchi mpaka likalia. Wifi mtu naye alikuja, sijui kwa uso upi, akaketi karibu na ndoo.

Msusi hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti cha wateja kitupu, kitana mkononi, kama vile kuna mtu ameketi.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Dada yetu mpendwa, tumekuja kukutia moyo. Tunajua unapitia. Sasa usifiche kitu, hapa ni nyumbani. Tupe ombi lako, nasi tutalibeba."

"Mtalibeba?"

"Tutalibeba, dada!" tukaitikia sote kwa pamoja, maana kuitikia ndicho tunachokijua.

Tukafumba macho. Namaanisha wengine walifumba. Wifi mtu alikuwa amefumba moja.

"Kwanza inameni," msusi akasema.

Tukainamisha vichwa kidogo, vile vya ibada.

"Siyo hivyo. Inameni. Kidevu kifuani."

Mtu akacheka. Tukainama kweli, sote, na Mwenyekiti pia, mistari yake ya kisogoni ikielekea dari. Chumba kikawa kimya namna ambayo kikundi chetu hakijawahi kuwa tangu kianzishwe. Wifi mtu alijaribu kuanza wimbo, sauti ikamkwama kooni. Nilisikia mashine ya kusaga ikizimwa huko nje. Nilisikia msusi akiweka kitana mezani. Kisha akasema ombi lake, bila kulia na bila kupandisha sauti:

"Binti yangu ameniambia atakuja nyumbani siku mtakapoacha kumwombea. Naomba msimtaje tena, kwa watu wala kwa maombi ya sauti. Mungu anamjua, nami nitamtaja mwenyewe. Nataka mwanangu aje nimsuke nywele."